Wiki za likizo ya uzazi hazitoshi kupima ajira ya wanawake

Mhariri,

Kila mjadala wa ajira ya wanawake katika nchi tajiri unapofika magazetini, jedwali linalochapishwa ni lile lile: majina ya nchi upande mmoja, wiki za likizo ya uzazi upande wa pili. Nchi yenye wiki nyingi inasifiwa, yenye chache inasutwa. Jedwali hilo linapotosha. Tunaomba nafasi tueleze kwa nini, kwa sababu wanaolisoma ni pamoja na wabunge, viongozi wa vyama vya wafanyakazi na maofisa utumishi, na wao ndio hulitumia kudai sheria.

Likizo ya uzazi haikubuniwa kwa ajili ya ajira. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1878 iliyomzuia mwanamke kurudi kiwandani kwa wiki 3 baada ya kujifungua ililenga afya, na haikumlipa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulitaja wiki 12, na ule wa mwaka 2000 ulitaja wiki 14 zenye malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, 6 kati yake zikiwa za lazima baada ya kujifungua. Hicho ni kiwango cha kumponya mama na kumlinda mtoto mchanga. Kama mama huyo atakuwa kazini mtoto akifika miaka 2, na kwa mshahara gani, ni swali jingine, na majibu yake yako katika mambo manne: malipo ya likizo na nani anayelipa, fungu la likizo lililotengwa kwa baba, nafasi ya mtoto katika kituo cha kulelea watoto siku likizo inapokwisha, na namna kodi inavyoukata mshahara wa pili nyumbani. Moja likikosekana, mengine yanapungukiwa nguvu.

Kukosa likizo kabisa kunaumiza, hilo halina ubishi. Marekani ina sheria ya mwaka 1993 inayotoa wiki 12 bila malipo, na hata hizo zina masharti: mwajiri awe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 za kituo cha kazi, mfanyakazi awe ametimiza miezi 12 na saa 1,250 katika mwaka uliotangulia. Aliye kwenye duka dogo hapati. Aliye na kazi mbili za nusu siku mara nyingi hafikishi saa. Anayezipata wiki hizo huzikatisha kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. California ilianza kulipa likizo ya familia kupitia mfuko wa bima mwaka 2004, na majimbo mengine kadhaa yakafuata, lakini hakuna sheria ya kitaifa ya malipo. Wachumi Francine Blau na Lawrence Kahn walionyesha kwamba Marekani ilishuka kutoka nafasi ya 6 mwaka 1990 hadi ya 17 mwaka 2010, kati ya nchi 22 tajiri, kwa ushiriki wa wanawake katika nguvu kazi. Walikadiria kuwa karibu asilimia 29 ya kuachwa nyuma huko kulitokana na wenzao kupanua sera za familia huku Marekani ikisimama palepale. Utafiti huo huo, hata hivyo, ulikuta kwamba wanawake wa Marekani walio kazini wana uwezekano mkubwa zaidi kuliko wenzao wa nchi hizo wa kufanya kazi siku nzima na kushika nafasi za umeneja. Sehemu hii ya pili huachwa kila utafiti huo unaponukuliwa.

Na ndiyo inayotupeleka upande wa pili wa jedwali: likizo ndefu kupita kiasi. Austria iliongeza likizo ya wazazi kutoka mwaka 1 hadi 2 mwaka 1990, na akina mama wakachelewa kurudi kazini kwa kadiri ya muda ulioongezwa. Ufaransa, mwaka 1994, iliruhusu posho ya kulea nyumbani itolewe kuanzia mtoto wa pili badala ya wa tatu. Matokeo yalionekana upesi: akina mama wa watoto wawili waliacha kazi kwa wingi, na walioongoza ni wa mishahara midogo. Finland ina posho ya kulelea nyumbani inayoendelea mpaka mtoto atimize miaka 3, na wanaoitumia kwa muda mrefu zaidi ni wanawake wenye elimu ndogo na kazi zisizo na uhakika.

Sababu ni ya kihesabu. Posho ya kiwango kimoja kwa wote inakaribia mshahara wa mfagiaji lakini ni sehemu ndogo tu ya mshahara wa mhasibu. Mhasibu anarudi, mfagiaji anabaki nyumbani, na baada ya miaka 3 nafasi yake imejazwa, ratiba za zamu zimebadilika, michango yake ya pensheni ina shimo, na mkataba anaopewa ni wa miezi. Mwajiri naye anajifunza haraka. Akijua kwamba kila mwanamke wa umri wa miaka 28 anaweza kuondoka kwa miaka 3 na kila mwanamume kwa wiki 2, atamchagua nani kumfundisha mashine mpya? Hahitaji kuwa na chuki. Sheria yenyewe imemwekea hesabu mezani.

Ujerumani ilijirekebisha. Tangu mwaka 1992 mama alilindiwa kazi yake kwa miaka 3, pamoja na posho ndogo iliyotegemea kipato cha familia. Kuanzia Januari 2007 posho hiyo ikabadilishwa na malipo mafupi lakini makubwa zaidi: karibu asilimia 67 ya mshahara unaoingia mkononi, kwa miezi 12, na miezi 2 zaidi iwapo mzazi wa pili naye atachukua angalau 2. Agosti 2013 ikafuata haki ya kisheria ya nafasi kituoni kwa kila mtoto aliyetimiza mwaka 1. Tazameni mpangilio: malipo yanapokoma, haki ya nafasi inaanza. Dosari iliyobaki ni viwango. Chini ni euro 300 kwa mwezi na juu ni 1,800, na havijaguswa tangu 2007, kwa hiyo mfumuko wa bei umevila kidogo kidogo.

Ukomo wa malipo ukiwa mdogo humfukuza baba kwanza, kwa kuwa mara nyingi mshahara wake ndio mkubwa. Familia ikikaa kupiga hesabu inaona kila mwezi wa baba nyumbani unagharimu zaidi ya mwezi wa mama, na mazungumzo yanaishia hapo. Uingereza ni mfano mbaya kuliko wote katika hili. Mama analipwa asilimia 90 kwa wiki 6, kisha kiwango kidogo kisichobadilika kwa wiki 33, na wiki 13 za mwisho hazina kitu. Mwaka 2015 likaja wazo la kugawana likizo hiyo na baba, lakini baba alipewa kwa kunyofoa wiki za mama, kwa malipo yale yale madogo, na kwa fomu ambazo waajiri wote wawili lazima wahusishwe. Walioitumia ni wachache sana. Jambo moja Uingereza imelifanya vizuri: mwajiri analipa kisha anarudishiwa na serikali asilimia 92 ya malipo hayo, na mwajiri mdogo anarudishiwa yote pamoja na nyongeza kidogo. Gharama ya likizo ikimwangukia mwajiri peke yake, kila binti anayekuja kwenye usaili anaonekana kama deni. Mfuko wa bima ya jamii unaochangiwa na wote ndio njia salama.

Kuhusu akina baba, ushahidi wa miaka 50 unasema jambo moja kwa sauti. Uswidi ilikuwa ya kwanza, mwaka 1974, kuifanya likizo iwe ya mzazi yeyote, na mwanzoni karibu siku zote zilichukuliwa na akina mama. Norwei ilitenga wiki 4 za baba pekee mwaka 1993, ambazo asipozitumia zinapotea. Ndani ya miaka michache akina baba wengi wa nchi hiyo walikuwa wanazichukua. Uswidi ikatenga mwezi 1 mwaka 1995, wa pili 2002, wa tatu 2016, na leo kati ya siku 480 za kila mtoto, 90 ni za kila mzazi na haziwezi kuhamishwa. Iceland imefika miezi 6 kwa kila mzazi, ambamo wiki 6 tu zinaweza kuhama. Uhispania ilisawazisha wiki 16 kwa kila mzazi mwaka 2021, kwa malipo kamili, na wiki 6 za mwanzo ni lazima. Umoja wa Ulaya nao, kwa agizo la mwaka 2019, unazitaka nchi zake zitoe angalau siku 10 za baba wakati wa kuzaliwa mtoto na miezi 2 ya kila mzazi isiyohamishika.

Kwa anayetunga sheria, kuna kipengele ambacho huharibiwa mara kwa mara. Likizo ya baba ichukuliwe, angalau kwa sehemu, wakati mama amerudi kazini. Baba na mama wakikaa nyumbani pamoja kwa mwezi mzima, mama anapata msaidizi, jambo jema, lakini msimamizi wa nyumba bado ni yeye: ndiye anayejua dawa iko wapi na daktari anapigiwa saa ngapi. Baba aliyebaki na mtoto peke yake kwa wiki 10 anayajua hayo mwenyewe, na mtoto akipandwa na homa saa nne asubuhi mwaka unaofuata, simu ya kituo inaweza kupigwa kwake. Tena haki ya maandishi haitoshi. Kwa sheria, baba wa Japani ana likizo ndefu kuliko wenzake wengi duniani, malipo yakianzia asilimia 67, na bado mwaka 2023 ni asilimia 30 tu ya akina baba walioichukua, wengi wao kwa wiki chache. Bosi anayenuna ana nguvu kuliko kifungu cha sheria, mpaka pale kifungu kinapomlazimisha bosi huyo amuulize kila baba mtarajiwa kama atakwenda likizo. Japani imekwisha kuwawekea waajiri wajibu huo.

Sasa vituo vya kulelea watoto, ambavyo kwa maoni yetu ndivyo vyenye uzito mkubwa kuliko yote. Nchi za Ulaya Kaskazini ziliwekeza hapa, na hapa ndipo ajira ya akina mama ilipopata nguvu. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza mwaka 1997 kutoza dola 5 kwa siku, na ajira ya akina mama wenye watoto wadogo ilipanda waziwazi kuliko katika majimbo mengine. Tuseme pia lililokwenda vibaya: bei ilishushwa kabla ya nafasi na walezi kuwa tayari, orodha za kusubiri zikawa ndefu, ubora wa vituo ukapishana sana, na watafiti waliofuatilia watoto walikuta dalili za wasiwasi na ukali zimeongezeka. Uholanzi iliongeza sana ruzuku kuanzia mwaka 2005, na ajira ikapanda kidogo tu, kwa sababu wazazi wengi waliacha kumtegemea bibi au jirani wakahamia kituoni bila kuongeza saa za kazi. Ruzuku inafanya kazi pale ambapo kilichomzuia mama ni bei au ukosefu wa nafasi. Ikiwa kilichomzuia ni kingine, fedha zinakwenda na yeye anabaki pale alipo.

Kinachovunja mipango ya familia nyingi ni miezi inayokaa katikati, kati ya malipo ya likizo kukoma na mlango wa kituo kufunguliwa. Huko Uswidi manispaa inatakiwa kutoa nafasi ndani ya miezi 4 tangu mzazi alipoomba, kwa hiyo anayejua utaratibu anaomba mtoto akiwa na miezi 8. Norwei, mtoto anayetimiza mwaka 1 kabla ya Agosti kwisha ana haki ya nafasi Agosti hiyo, na anayetimiza kati ya Septemba na Novemba anapata mwezi wake. Aliyezaliwa Desemba anaweza kusubiri mpaka Agosti ya mwaka unaofuata, yaani miezi 8 baada ya kutimiza mwaka. Mama wa mtoto wa Desemba ataendelea na likizo isiyo na malipo ilhali mwenzake wa Novemba yuko kazini. Tofauti ni ya siku chache za kuzaliwa.

Tena isomeni ahadi hadi mwisho. England sasa inatoa saa 30 kwa wiki kwa watoto wa wazazi walio kazini kuanzia miezi 9. Saa hizo ni za wiki 38 za mihula ya shule, jumla 1,140 kwa mwaka. Mwajiri hafungi wiki 14 zilizobaki. Ukizigawa saa hizo kwa wiki 52 unapata kama 22 kwa wiki, siku mbili na kitu za kazi. Mzazi anahitaji pia namba maalumu ya serikali kabla muhula haujaanza, na kila baada ya miezi 3 athibitishe upya kwamba bado anastahili. Asiyethibitisha anajikuta na bili kamili.

Kumzoesha mtoto nako kunachukua muda. Ujerumani wiki 2 hadi 4 ni kawaida: mzazi anakaa naye saa moja, kesho anatoka kwa dakika 10, kesho kutwa kwa nusu saa, mpaka mtoto akubali kulala mchana pale. Anayepanga kuripoti kazini siku ile ile kituo kinapoanza amekwama tangu mwanzo. Halafu yaja maradhi. Mwaka wa kwanza kituoni mtoto huugua mara kwa mara, na kama hakuna likizo ya kuuguza, mama anamaliza siku zake za mapumziko kabla mwaka haujafika nusu. Uswidi inaruhusu hadi siku 120 kwa mwaka kwa kila mtoto, zinazolipwa na mfuko wa taifa, na wazazi wanazigawana. Sera hii huzungumzwa kidogo mno, nasi tunaiona ina thamani kuliko miezi 6 ya ziada ya likizo.

Kodi ndiyo sehemu ambayo karibu hakuna anayeiweka kwenye jedwali. Ujerumani inajumlisha vipato vya wanandoa na kuvigawa kwa mbili, kwa hiyo senti ya kwanza ya mke mwenye mshahara mdogo inatozwa kwa kiwango kikubwa kuliko kile ambacho angetozwa peke yake. Uswidi iliachana na kumtoza mke na mume pamoja mwaka 1971, na hapo ndipo mwanamke aliyeolewa alipoanza kuona faida ya mshahara wake. Japani ina kizingiti: mke anayevuka yen milioni 1.3 kwa mwaka anapoteza nafasi ya kubebwa na bima ya mumewe na kuanza kuchangia mwenyewe. Wanaofanya kazi kwa saa huanza kuhesabu ifikapo Novemba, na wengi hukataa zamu za Desemba.

Tuweke hesabu ya mfano, isiyo ya nchi yoyote. Mama anapewa kazi ya siku nzima, saa 160 kwa mwezi, mshahara 2,000. Michango ya bima ya jamii 400. Kodi, kwa sababu kipato chake kimebandikwa juu ya cha mume, 600. Ada ya kituo 500, usafiri 100, na familia inapoteza posho ya 150 kwa kuwa kipato kimepanda. Anabaki na 250, karibu 1.56 kwa saa. Sasa abadilishiwe mambo mawili tu: kodi ya mtu mmoja mmoja, iwe 200, na ada yenye ukomo, iwe 150. Anabaki na 1,000, yaani 6.25 kwa saa. Likizo haikuguswa hata siku moja, na uamuzi wake umegeuka. Kuna kosa katika hesabu hii ambalo familia zenyewe hulifanya: ada ya kituo hutolewa kwenye mshahara wa mama peke yake. Mtoto ni wa wawili, na mama anayeacha kazi anaacha pia nyongeza za mshahara na pensheni ya miaka ijayo.

Kuhusu saa pungufu tutasema machache. Uholanzi ina wanawake wengi kazini, lakini wengi wao ni wa siku tatu au nne kwa wiki. Haki ya kupunguza saa bila haki ya kuzirudisha ni mtego. Ujerumani ililiona hilo ikatunga, mwaka 2019, haki ya kupunguza saa kwa kipindi cha mwaka 1 hadi 5 kisha kurudi, kwa waajiri wenye wafanyakazi zaidi ya 45. Uhispania, kinyume chake, iliwalinda mwaka 1999 wazazi wenye mikataba ya kudumu waliotaka kupunguza saa. Kwa kuwa walioomba walikuwa karibu wote wanawake, waajiri wakapunguza kuwapa wanawake wa umri wa kuzaa mikataba hiyo ya kudumu.

Hatudai kwamba sera zinamaliza yote. Mchumi Henrik Kleven na wenzake walipima kipato cha mama kinavyoshuka kikilinganishwa na cha baba, miaka 5 hadi 10 baada ya mtoto wa kwanza: Denmark karibu asilimia 21, Uswidi 26, Marekani 31, Uingereza 44, Austria 51, Ujerumani 61. Denmark ina vituo bora na bado mama anapoteza moja ya tano. Walipochunguza miongo sita ya mabadiliko ya sera nchini Austria, hawakuona kama yalipunguza pengo hilo kwa kiasi cha maana. Korea Kusini ilifanya vituo viwe bure kwa watoto wote wa chini ya miaka 6 mwaka 2013, na uzazi umeshuka hadi watoto 0.72 kwa mwanamke mwaka 2023, kwa kuwa saa za ofisini bado ni ndefu na kituo hakiwezi kukaa wazi mpaka usiku. Anayeahidi kuwa sheria moja itainua ajira, itasawazisha mishahara na kuongeza watoto kwa pamoja anaahidi mambo matatu tofauti.

Kwa hiyo, Mhariri, mkichapisha tena ulinganisho wa nchi, tunaomba safu ya wiki ifuatwe na nyingine tano: asilimia ya mshahara inayolipwa na ukomo wake, nani analipa, wiki za baba zisizohamishika, umri ambao mtoto ana haki ya nafasi kituoni pamoja na saa zinazolipiwa kwa mwaka, na kiasi kinachobaki mkononi mwa mzazi wa pili akianza kazi. Taarifa za safu nne za kwanza zimo katika sheria za kila nchi na takwimu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizo nyingi tajiri. Ya tano inahitaji mtu akae na jedwali la kodi na ada za vituo, ikokotolewe kwa mshahara wa chini na kwa mshahara wa kati, kwa sababu nchi inayomfaa mwalimu inaweza kumwacha mfagiaji bila kitu.

Wasomaji wenu,
Wafuatiliaji wa sera za familia na ajira